Shangazi Anajibu: Naenda kwa mdogo wangu Mtwara, sijawahi kufika

Wasomaji wangu hamjambo. Barua za safari hii karibu zote zinaongelea jambo moja, likizo ya Desemba inakuja na watu wanafunga mizigo kwenda kwa ndugu zao waliohamia huku kusini, au ndo washafika na mambo yamekwama. Mie nakaa Shangani hapahapa Mtwara, wageni wa ndugu nimewapokea miaka mingi na kwa ndugu nimekwenda sana, kwahiyo nayajua ya mwenyeji na ya mgeni. Nimechagua barua nne, ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ina mambo mengi ndani.

*Shangazi shikamoo. Mie mama wa watoto wawili, naishi Mwanza. Mdogo wangu wa kiume alihamia Mtwara kikazi, mwaka wa sita huu, akaoa hukohuko, mke wake Mmakonde wa Newala. Harusini hatukwenda kwa ajili ya umbali, wao walikuja kwetu mara moja tu siku nne wakaondoka. Desemba hii nimepanga nimchukue mama yetu mzazi na watoto wangu tukakae wiki tatu. Nasikia nyumba yao ina vyumba viwili. Mdogo wangu anasema njooni tu hamna shida, ila wifi nikimpigia anajibu kwa mkato, ndio wifi, sawa wifi, basi. Na mama anasema kwa mwanangu siombi ruhusa. Naogopa tusije tukaenda kuharibu. Tufikeje, tubebe nini, tulale wapi? Mama Wawili, Mwanza.*

Marahaba mwanangu. Naanza na wifi maana safari yako yote iko hapo, mambo ya basi na mizigo tutafika. Unasema ukimpigia anajibu kwa mkato. Hebu kumbuka, ni lini ulimpigia yeye kama yeye? Au unampigia mdogo wako hapokei ndo unahamia kwa wifi, "eti mwenzio yuko wapi mbona simu yake haipokelewi". Mtu anayetafutwa pale tu mumewe anapokosekana atasema nini zaidi ya ndio wifi? Mpigie kesho jioni, akishamaliza mapishi, msalimie, uliza watoto, uliza kwao Newala hawajambo, mambo ya safari yaje baadae. Na yakija usimuulize "tuje au tusije", hapa kwetu hakuna mwanamke atakayemwambia wifi yake usije, atasema karibuni sana hata kama hana godoro hata moja la ziada. Muulize maswali yenye jibu. Watoto wenu wanalala wapi, sisi tukiwa wanne tunakaaje, kuna vyandarua vya kutosha au tuje navyo, tarehe gani wewe una shughuli, kuna mgeni mwingine anakuja kipindi hicho? Hapo ataongea, na utajua nyumba ikoje kuliko mdogo wako anavyojua, maana wanaume wakisema "hamna shida" wanamaanisha shida zipo ila anaezibeba ni mwingine.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani hamlijui na ndo limenifanya niijibu barua yako kabla ya zote. Kwenu Usukumani mwanamke analipiwa ng'ombe anakwenda kwa mume, na dada wa mume ana sauti kweli. Huku sivyo. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, wote hawa kwa asili ukoo unafuata kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mwenye kauli juu yake ni mjomba, na zamani mwanaume akioa ndo alihamia upande wa mke akajenga huko akalima mashamba ya huko. Siku hizi mambo yamechanganyika, kuna dini, kuna kazi za mjini, watu wanapanga nyumba popote, lakini ile hisia haijafutika. Kwahiyo mama yako anaposema kwa mwanangu siombi ruhusa, na upande wa pili wanaona huyu kijana alikuja kwetu tukampokea akiwa hana mtu, hapo hakuna mkorofi, kila mmoja anaongea kwa mila aliyolelewa. Tatizo litakuja mkikutana sebuleni bila mtu kumweleza mwenzie.

Mweleze mama mapema, kabla ya kupanda basi. Mwambie mama, mjomba wake wifi anaweza kuja siku ya pili akakaa kwenye kiti akauliza safari ilikuaje kama vile nyumba ni yake, na anafanya hivyo kwa heshima ya kumpokea mkwe. Asikunje uso. Na akija mpeni nafasi yake, mpeni na kitu, hata shuka moja inatosha. Mama mzazi wa wifi mpelekeeni kitenge. Mkiweza pangeni siku moja mpande Newala kuwasalimia, hiyo peke yake itafanya kazi kubwa kuliko zawadi zote mtakazobeba maana harusini hamkuonekana, na nakwambia ukweli huko kwao hilo halijasahaulika. Newala iko juu ya mlima, hali yake sio joto la huku pwani, mama abebe sweta. Kuna sehemu panaitwa Shimo la Mungu, ukisimama ukingoni unaliona bonde la mto Ruvuma lote limelala chini yako, watoto hawatapasahau.

Wiki tatu ni nyingi. Siku kumi. Najua umbali ni mkubwa na mtu akifikiria nauli anataka akae mpaka iishe hamu, ila vyumba viwili na watu wanne wa ziada, mmoja wao mama mkwe, jamani. Fikiria wifi yako anaamka usiku kwenda chooni anapita mbele ya mama mkwe wake aliyelala, kila usiku, siku ishirini na moja. Na siku hizo kumi zitaje kabla, "tunafika tarehe hii tunaondoka tarehe hii, tiketi ya kurudi tumeshakata". Mwenyeji akijua mwisho ulipo anafurahia kila siku, asipojua anahesabu kimoyomoyo.

Kulala. Mama na watoto wako walale chumba kimoja, watoto wa mdogo wako wahamie sebuleni na wewe ulale nao. Watu wengine watakushauri uchukue gesti. Mie sikukatazi ila usije ukalisema hilo siku ya kufika mizigo ikiwa mlangoni, hapo umemwambia wifi nyumba yako haifai. Kama unaona mtabanana sana ongea nae mapema, pengine jirani ana chumba kitupu, huku majirani wanaazimana vyumba wakati wa shughuli na msiba na wala sio aibu. Godoro jembamba la kukunja mnunue mkifika hapa mjini mliache, litawafaa wageni wengine.

Hela ya matumizi mkabidhi wifi mkononi, usiku wa kwanza, mkiwa wawili tu. Sio mdogo wako. Ukimpa yeye itaishia kwenye mafuta ya pikipiki na wifi ataendelea kukopa nyanya genge la jirani huku anawapikia nyie. Na usisubiri uone kwanza kama wanahitaji. Watu wanne wanakula.

Mizigo: njoo na mchele wa kwenu huko, njoo na samli ya Kisukuma, na kama mtapita Tabora asali. Samaki usihangaike nao, mkifika mtakula wa baharini, pweza, ngisi, changu, asubuhi nendeni feri wavuvi wakirudi mtachagua wenyewe. Watoto wako watakutana na ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, waambie mapema wasije wakasema mezani "huu ugali mbona unanata". Mtoto akisema hivyo hasemi yeye, anaonekana amesikia kwa mama yake.

Tena kuhusu watoto nisikilize vizuri. Desemba bado korosho zinaokotwa, mabibo, lile tunda la mkorosho, yamejaa, kila mtoto anayo mkononi. Korosho mbichi yenye ganda wasiitie mdomoni kabisa, lile ganda lina mafuta yanaunguza midomo na ngozi mpaka inachubuka, watoto wa huku wanalijua tangu wanatambaa, wa kwako hawajui. Na maji ya bibo yakidondoka kwenye nguo doa halitoki, nguo nzuri za sikukuu waziweke. La pili ni bahari. Watoto wa ziwani wanajiona wanajua maji, lakini ziwa halipwi wala halijai. Hapa maji yakipwa yanaondoka mbali kabisa, mtoto anatembea anaokota makombe anakwenda anakwenda, na yakianza kujaa yanakuja kwa nyuma kupitia kwenye vidimbwi na anajikuta amezungukwa. Wasiende pwani bila mtu mzima wa hapa, na wavae viatu vya plastiki, kuna miba na mawe makali.

Njia sasa. Siku hizi mnaweza kupanda basi kutoka Mwanza mpaka Dodoma alafu mkachukua treni ya SGR mpaka Dar, imeanza 2024 na kwa mtu mzima kama mama ni nafuu kubwa ya mgongo. Dar laleni, tena lazima, msiunganishe. Toka Dar mpaka huku ni kama kilometa 560, ni siku nzima kwenye basi, na mkikata tiketi ulizeni linapandiwa stendi ya Mbezi au Mbagala maana sio yote yanaanzia sehemu moja na mji wenyewe mtu anaweza kupoteza saa mbili anazunguka. Mtavuka Rufiji pale Daraja la Mkapa. Sie tunaokumbuka kabla ya 2003 hatulivuki daraja lile kimyakimya, ilikuwa pantoni pale Ndundu, foleni, masika njia inafungwa, mtu akipata habari ya msiba wa ndugu yake Dar anafika watu washamaliza arobaini. Ila msiseme barabara ni nzuri basi mkakata tiketi ya kurudi siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya barabara ilikatika maeneo ya Somanga na watu walikwama siku kadhaa. Mvua zetu zinaanza hiyohiyo Desemba. Acheni siku mbili za akiba.

Mkifika stendi mdogo wako aje kuwapokea na mkewe, mwombe hivyo. Mama amuone mkwe wake hapohapo stendi wapokeane mizigo, ni tofauti na kumkuta jikoni.

*Shangazi pole na kazi. Kaka yangu anaishi Lindi, mke wake Mmwera. Mwaka jana binti yangu wa miaka 11 alikwenda likizo kwao, wifi akanipigia akasema wanamcheza mtoto wao unyago na wangu ataingia hapohapo gharama ni moja. Nilikataa nikamfata mtoto kesho yake. Wifi kanuna mpaka leo. Mwaka huu kaka anataka twende wote tukakae wiki moja. Nifanyeje? Mama Binti, Morogoro.*

Mwanangu kukataa hukukosea. Mtoto ni wako, haingizwi ngomani na mtu mwingine bila wewe kuridhia, na wazee wa huku wenyewe wanalijua hilo, kungwi mwenye akili zake hapokei mwali ambaye mama yake hayupo. Kwahiyo hapo usiombe radhi.

Lakini hujaona wifi alikuwa anakupa nini. Kumcheza mtoto ni gharama, mchele, nguo mpya, wapiga ngoma, watu wanaweka akiba kwa msimu mzima wa ufuta au korosho. Anaposema wa kwako aingie na wa kwangu, maana yake amemhesabu kama aliyemzaa, na hakukutaka hata senti. Wewe ukakata simu ukapanda basi ukamchukua mtoto mbele ya majirani wakati ngoma inaandaliwa. Angalia ilivyoonekana. Kanuna sababu umemdhalilisha, sio sababu umekataa.

Nenda. Kabla ya kwenda mpigie wewe mwenyewe usimtume kaka, mwambie wifi nilikataa kwasababu kwetu hatuna hilo na nilishtuka, ila kunihesabia mtoto nilikuelewa baadae na nashukuru. Na beba doti ya kanga nzuri na kitu kidogo, ukifika mtunze yule binti yake aliyechezwa mbele ya mama yake. Kutunza mwali kwa kuchelewa hakuna ubaya, shangazi wa mtoto hukuwepo sasa umekuja.

Na yakirudi tena mazungumzo ya binti yako, jibu ni lilelile, sema polepole. Mie nilichezwa, nasema kama mtu aliyepita humo. Mafunzo ya heshima, ya kujisitiri, ya kujua mwili wako ukianza hedhi, hayo yalinisaidia na namshukuru somo wangu mpaka leo. Ila kuna maneno ya mambo ya kikubwa tuliyoambiwa tukiwa watoto wadogo kabisa, hayo mie sikubali mtoto wa miaka 11 aambiwe, awe wa Mmwera awe wa nani. Kuna watu watanikasirikia hapa mjini kwa kuandika hivi. Nimewaona wasichana wametoka ndani wameambiwa washakuwa wakubwa na wameamini, shule ikafunguliwa wao wakaona sio ya kwao tena.

*Shangazi mambo, mie kijana natokea Nachingwea, nilikuja kwa dada yangu hapa Mtwara, Magomeni, niliwaambia wiki mbili nitafute kazi. Mwezi wa tatu huu. Shemeji tukisalimiana tu anaingia chumbani anafunga mlango. Dada anasema usimjali ndo alivyo. Nalala sebuleni. Nahisi ananichukia. Kijana, Mtwara.*

Wewe "mambo" unamsalimia mtu wa umri wangu, tuanzie hapo. Nadhani na shemeji unamsalimia hivyohivyo.

Umeandika mwenyewe jibu lako, nalala sebuleni. Mwanaume ametoka kazini, amechoka, anataka avue shati akae aangalie taarifa ya habari kwenye nyumba anayolipia kodi, anakuta shemeji amejilaza kwenye kochi na simu. Aende wapi kama sio chumbani? Hajakuchukia huyo, hana pa kukaa. Wiki mbili ulizosema ziliisha ukakaa kimya, na dada yako anakuficha anaposema usimjali, yeye ndo anaesemwa usiku mlango ukifungwa.

Fanya hivi kuanzia kesho. Amka kabla yao, kunja godoro, sebule iwe wazi alfajiri. Mchana usiwepo nyumbani hata kama hujapata kitu. Jioni shemeji akirudi mwamkie shikamoo alafu toka nje ukakae barazani saa moja nzima umuachie sebule yake. Siku ukipata hata elfu mbili nunua umeme wa luku uingize mwenyewe, au unga. Alafu ijumaa hii mwombe mzungumze, wewe na yeye, dada asiwepo. Mwambie shemeji nilisema wiki mbili nikapitiliza bila kukwambia, naomba mpaka tarehe fulani, ikifika sijapata narudi Nachingwea. Na ikifika rudi kweli.

Mnapenda kusema mgeni siku ya tatu mpe jembe, ila shemeji yako yuko mjini amepanga hana shamba la kukupa, jembe litafute wewe. Huu ni msimu wa korosho, maghala yanataka vibarua wa kupakia na kushusha magunia, bandarini nako korosho ikianza kusafirishwa panachangamka. Kazi ni ngumu mgongo unauma, lakini malipo ni ya siku na hawaulizi cheti.

*Shangazi, dada yangu mkubwa anakuja kwangu kutoka Arusha kwa mara ya kwanza, na mie nina siku mbili tu za mapumziko kazini. Nimpeleke wapi aone Mtwara? Mama Rahaleo.*

Siku ya kwanza Mikindani, ni kama kilometa kumi tu, bajaji inafika. Tembeeni kwa miguu kwenye mitaa ya zamani, muoneshe Boma la Wajerumani la 1895, na mwambie kwamba Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Watu wengi wa kaskazini wanadhani historia iko Bagamoyo na Unguja tu, na sie wenyewe tunapita Mikindani kila siku kwenye daladala hatugeuzi hata shingo.

Siku ya pili mkiwa na usafiri nendeni Msimbati, mchanga mweupe na gari linafika mpaka ufukweni. Ni eneo la hifadhi ya bahari kwahiyo kuna kiingilio, uliza kabla. Kama usafiri hamna vukeni na pantoni Msangamkuu, jua likiwa limepoa, muhimu ulizeni la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi.

Njiani mnunulie ming'oko, viazi vyetu vya porini, yale yaliyochemshwa yakiwa bado na moto, pamoja na chumvi na pilipili. Muoneshe anavyomenywa, mtu wa Arusha anaweza kuyatafuna na maganda.